Sola ya Kivulini

Baba mdogo Fabian wa Kilema alikuwa na maneno mengi kuliko kahawa yake. Mwaka ule wa mgao mkubwa, mabwawa yalipokauka na umeme ukawa unakuja na kuondoka bila hata kuaga, aliapa mbele ya watu nje ya kanisa kwamba yeye na nguzo za umeme basi.

"Nanunua sola," alisema. "Nyie endeleeni kuombea mabwawa."

Sababu ya kweli tuliijua. Krismasi iliyopita binti yake Doris alikuja na wajukuu kutoka Dar, wakakuta giza, wakashuka kulala hoteli mjini Moshi. Mzee wa Kilimanjaro ambaye watoto wake wanalala hoteli Krismasi hana la kusema penye pombe ya mbege. Aliumia sana. Nilimhurumia, ingawa si kwa muda mrefu.

Fundi Jacob alipanda na paneli kutoka mjini. Akatazama kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, migomba imefunika kila kitu mpaka bati la nyumba.

"Shikamoo mzee. Hii migomba minne ikatwe. Sola inataka jua."

"Marahaba. Hiyo alipanda baba yangu," alijibu. "Halafu kahawa yetu imekaa kivulini miaka yote na imesomesha watu mpaka Ulaya. Kitu cha thamani hakikai juani."

Jacob alichoka kubishana, akaifunga palepale chini ya majani.

Mkesha wa Krismasi Doris akaja na wajukuu. Taa ikawaka, na Baba mdogo akatembea sebuleni kifua mbele kana kwamba jua ameliumba yeye. Mtori haujapakuliwa, taa ikafifia, ikazimika. Wajukuu wakacheka.

"Baba, tunashuka mjini. Kesho tutakuja kula," Doris alisema.

Asubuhi, kabla ya ibada, migomba minne ya babu ilikuwa chini, na Baba mdogo ameshika panga, macho mekundu. Jua likapiga paneli kutwa nzima. Doris akaja, wakala, na saa kumi wakaaga. Vyumba vya hoteli walishachukua mpaka Ijumaa.

Jioni taa iliwaka nyumba nzima. Shangazi zetu wangekuwapo wangeimba. Mkewe, mama mdogo Mektrida, alikusanya sahani za wajukuu.

"Leo imewaka vizuri," alisema.

Baba mdogo alitazama viti vilivyobaki wazi.

"Izime," akasema. "Sisi wawili tunaonana."