Siku Tuliyopanda Vilima vya Marafa

Habari nilipewa na muuza maji wa mtaani kwetu Shella, asubuhi ya Jumatatu, mswaki ungali mdomoni: fundi wetu wa baiskeli hatunaye tena. Aliugua siku chache tu. Wasomaji wa Malindi wa rika langu huenda walipakiwa naye, maana kabla ya ufundi alibeba abiria kwa baiskeli miaka mingi, na kiti cha nyuma alikishonea mto wa sponji. Wengine watamkumbuka kwa mto huo. Mimi namkumbuka kwa siku moja.

Wakati ule pikipiki zilikuwa zimemmalizia abiria. Mkewe akimsihi ashike kazi nyingine, yeye akikaa stendi kutwa, na jioni akirudi na majibu makali. Mwishowe bibi akafunga nguo zake akaenda kwao, karibu na Marafa. Wiki ya tatu rafiki yangu akanijia. "Naenda kumtaka radhi. Nisindikize." Nikamshauri tuchukue pikipiki, tufike kabla ya jua kali. "Nimtokee na hiyo hiyo iliyotugombanisha? Toa baiskeli yako, bwana, uitie mafuta, isije ikatulilia njia nzima."

Tukavuka daraja la Sabaki, tukashika njia ya Magarini. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamenyeshewa, na kila tulipopanda kilima udongo ulizidi wekundu. Mimi nimetangatanga sana, lakini sikumbuki njia iliyonipendeza kama ile. Mwenzangu hakuona kitu. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mkewe. Kwenye mwinuko wa mwisho joto likamshinda, akavua shati akalifunga kiunoni. Hapo ndipo alipokosea. Kwa Wagiriama, mwanamume na mamamkwe wake huheshimiana hata kukwepana njiani, na huyo mama akatokea juu ya kilima, mzigo wa kuni kichwani. Rafiki yangu aliitupa baiskeli akajirusha kichakani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Na baiskeli zote mbili ni zako?" Akatua kuni, akatugeuzia mgongo. "Mwambie mwenzio hicho kichaka kina siafu. Avae shati. Mimi natazama bahari." Kichaka kikatikisika. "Ameshavaa?"

"Anatafuta mkono wa shati, mama."

"Mwambie kwamba binti yangu chakula hakimpiti vizuri. Lakini ule ukali wake auache hapa hapa kilimani, asiniingilie nao nyumbani."

"Mwambie mama nimeuacha!" kichaka kikajibu.

"Nimesikia. Akaseme mbele ya mwenyewe." Akajitwika kuni, akatutangulia nyumbani.

Alisema, mbele ya jamaa nzima, huku akijikuna. Mkewe alisikiliza bila kumtazama. "Na kazi?" akauliza. "Nitakuwa fundi. Pikipiki nazo hupata pancha." Bibi akajizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamtoka. "Njoo basi nikutoe majani kichwani," akamwambia. Siku ya pili tuliteremka watatu, yeye kwenye mto wa sponji, akipiga kelele kila mteremko: "Breki, baba, breki!"

Neno lake alilitimiza. Vijana wa pikipiki waliomnyang'anya abiria ndio waliokuja kumwamkia shikamoo na magurudumu yao yaliyotoboka, naye akiyaziba bila kinyongo. Twazoea kusema mambo mapya yamewaua wazee wa kazi za zamani. Huyu hayakumuua, yalimkasirisha tu, na hasira ile ilikuwa karibu kumnyima nyumba. Nafikiri pia kwamba kwa pikipiki tungempita yule mama kwa vumbi, tukafika kwake kabla yake, bila mtu wa kututangulizia neno jema.

Juzi mazikoni mjane alinishika mkono akaniambia, "Tuliishi vizuri, shemeji." Mimi ni mtu wa kuhama: Lamu, Mombasa, Tanga, kila nilipokosana na mtu nilifunga mkoba, na ndugu yangu wa Ganze hatujasemezana muda mrefu. Nimejifunza kwa marehemu, ingawa nimechelewa: ukikosana na wako usimtume mtu, wala usingoje maneno yakamilike. Nenda mwenyewe, hata ukifika na siafu shingoni. Baiskeli nimeshaitia mafuta. Ganze nako kuna vilima.