Mtungi Uliotobolewa Kitako

Niliacha shule darasa la tano, si kwa shida, ila nilitaka kujua barabara ya Nanganga inaishia wapi. Haikuisha. Kila nilipofika niliwatafuta wafinyanzi, nikakaa nao miezi, nikaondoka na jambo moja. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa nilijifunza kulainisha ukingo wa chungu kwa kipande cha kibuyu. Ng'ambo ya Ruvuma nilijifunza kusaga vigae vya vyungu vya zamani na kuchanganya unga wake na udongo mpya, ili chungu kisipasuke motoni. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Nilirudi kijijini kwetu Makote, kwa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Sisi wa huku juu udongo tunaupandisha kutoka mabondeni, kichwani, kwa hiyo sikutaka hata tonge moja lipotee. Nikatafuta vigae. Nyuma ya mikorosho, juu ya kitu nilichodhani ni tuta la zamani la muhogo, niliona mtungi mkuukuu umetobolewa kitako. Nikajisemea, huu umetupwa. Nikauponda, nikautwanga kwenye kinu, nikauchekecha. Nikafinyanga mitungi sita, mizuri kuliko yote niliyowahi kufinyanga.

Siku ya nne, mitungi ikiwa bado inakauka kivulini, Mama Mkubwa alirudi kutoka shambani anahema.

"Nani kachukua mtungi wa bibi yako?"

"Mtungi gani?"

"Wa kaburini! Aliokuwa akinywea. Tuliutoboa wenyewe, kama ilivyo desturi, tukamwekea."

Bibi alipozikwa mimi nilikuwa Songea.

"Labda mbuzi," nikasema.

"Mbuzi wamejifunza lini kubeba mitungi? Ni huyu jirani. Tangu tugombanie mpaka wa mikorosho ananitafuta. Leo atanipata."

Mikono yangu ilikuwa na udongo, nikaificha mgongoni. Nilikuwa nichome kesho kutwa. Mitungi ikishapita motoni, hakuna atakayejua. Itakwenda sokoni Newala, na watu wasionijua watakunywa humo. Lakini jirani ataitwa mchawi, mtu anayechukua vitu vya makaburini, na huku kwetu jina hilo halimtoki mtu. Nilipoinua macho, Mama Mkubwa alikuwa amekwisha fika njiani, kanga kaifunga kiunoni.

Nilimkimbilia.

"Mama Mkubwa, ni mimi. Nimeusaga."

"Umeu-nini?"

"Nimeusaga. Umo kwenye mitungi. Yote sita."

Alinitazama mikono, hakunitazama uso. "Umezunguka nchi yote hiyo," akasema, "wakakufundisha kumtwanga bibi yako kwenye kinu?"

Sikujua kama anataka kucheka au kulia, na nilivyomjua, angeweza kufanya yote mawili kisha akanifukuza.

Hakunifukuza. Alileta ndoo mbili, maji yetu ya siku nzima, akayamimina kwenye beseni kubwa. Nikaitumbukiza mitungi mmoja mmoja. Udongo ambao haujaona moto bado unasikia maji. Ukingo ulilegea kwanza, kisha shingo, kisha tumbo likaketi chini. Tope lile tulilibeba hadi nyuma ya mikorosho, tukalimwaga pale pale kaburini.

"Haya, mwambie bibi yako," akasema.

"Si umwambie wewe? Yeye anakujua wewe."

"Mimi nimechukua nini chake? Na hivi ulivyozurura, utakosa maneno?"

Akaokota ndoo zake akaondoka.

Najua kuomba udongo kwa lugha nne. Pale hazikunisaidia hata moja. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, bibi. Kisha nikabaki vivyo hivyo, maana sikujua mtu hungoja marahaba ya marehemu kwa muda gani.