Mirija ya Mama Caren

Tangu karani Momanyi azikwe, akiwa amekonda hata jeneza likabebwa kama kapu tupu, Mama Caren alikataza kabisa watu kubadilishana mirija nyumbani kwake. Zamani wanywaji wa pombe ya busaa walizunguka chungu kimoja, mrija ukipita mdomo hadi mdomo, na huo ndio uliokuwa udugu. Kufikia mwaka wa tisini na sita kila mteja alikuwa na mrija wake, umefungwa uzi wa rangi yake, unaning'inia kwenye msumari wake ukutani. Wachumaji wa majani chai na madereva wa malori walimsifu katika soko zima la Merigi. "Kwa Mama Caren," walisema, "ukimwi haupigi hodi."

Sifa hiyo ndiyo iliyompa usingizi. Alikuwa mtu wa wasiwasi, macho yake kama ya kuku aliyemwona mwewe, na binti alikuwa naye mmoja tu. Caren alitandika vitanda katika hoteli moja ya wageni Kaplong, na siku za soko alikuja nyumbani. Kipyegon, dereva wa lori la majani, alikuwa ameshatuma wazee, na mahari ilikuwa ikizungumzwa. Mrija wa Kipyegon ulikuwa wa uzi mwekundu. Huo Mama Caren aliuchemsha kwa mkono wake mwenyewe.

Basi mchana mmoja akaja Mwihaki, mwanamke mnene mcheshi kutoka upande wa Kipkelion. Zamani aliuza mwili kwa madereva, wala hakuficha. Sasa alizunguka vilabuni akifundisha watu kujikinga. Mama Caren alimpeleka ukutani kwa fahari.

"Ona mwenyewe. Hapa hakuna anayegusa mate ya mwenzake."

Mwihaki alizitazama zile nyuzi. "Usafi ni mzuri, Mama Caren. Lakini ukimwi hauna haja na mrija. Hata wangetumia mmoja wote, hawangeupata hapo."

"Basi Momanyi alikunywa na nani?"

"Usiulize alikunywa na nani. Uliza alilala na nani."

Oyoo, mpakia magunia, akaangua kicheko. "Mama, kumbe umelinda mlango, mwizi anapita dirishani!"

Mama Caren hakucheka. Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mwihaki akatoa gunzi la mahindi na pakiti kadhaa za mpira wa kondomu. "Nani atanionyesha unavyovaliwa?"

Wanaume wakatazama miguu yao. Oyoo akachukua pakiti moja, akaiuma kwa meno.

"Utautoboa, wewe!" sauti ikasema mlangoni. Ni Caren, amefika na kikapu chake. Akachukua pakiti nyingine, akausogeza mpira kando kwa kidole, akachana ukingoni, akabana ncha na kuuteremsha juu ya gunzi, huku akieleza, kama anayemenya viazi.

Mama Caren aliitazama ile mikono. Haikusita hata kidogo.

"Umejifunza wapi hayo?"

"Hotelini, mama."

"Kwa kutandika vitanda?"

Caren akainamisha macho. "Mshahara wa vitanda haumlishi mtu, mama."

Mama Caren aliiona aibu ikija, akaisukuma. Hofu ilikuwa imetangulia. Akauliza swali ambalo mama wa Kikipsigis hamuulizi binti yake, swali la kuachiwa nyanya yake.

"Na wewe unatumia? Kila mara?"

"Mgeni asiyevaa hanigusi."

"Na Kipyegon?"

"Ah, mama! Kipyegon ni wangu, atanioa. Mume utamvisha mpira?"

Mwihaki akashusha pumzi. "Hapo ndipo tunapofia, dadangu. Kwa yule tunayempenda."

Macho ya Mama Caren yakaenda kwenye uzi mwekundu. Alfajiri nyingi alikuwa amemwona Kipyegon akitoka nyumba ya Mellen, mjane wa Momanyi. Aliona akanyamaza. Mwanamume ni mwanamume, alijiambia, na mirija yao haijawahi kukutana.

"Caren," akasema. "Kipyegon hulala kwa Mellen. Tangu mavuno ya mahindi."

Gunzi likaanguka. "Mellen wa Momanyi?"

"Huyo."

"Uliona, mama? Ukanyamaza?"

"Nilichemsha mrija wake," Mama Caren akasema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akafunika mdomo.

Honi ya lori ikalia nje. Kipyegon akainama mlangoni, akitabasamu. "Chamgei, mama!" Mkono wake ukaelekea kwenye msumari.

Mama Caren akasimama kati yake na ukuta. Akaliokota gunzi, akalifuta kwa leso yake, akamrudishia Mwihaki.

"Chamgei, mwanangu. Mrija uache hapo. Keti kando ya Caren." Kisha akamgeukia Mwihaki. "Anza tena, mwanzo kabisa. Na ukimaliza, utuambie hospitali gani wanapima damu. Hawa wawili nitawapeleka mimi."