Kuku wa Naomi

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kumkamata kuku na kumlaza uvunguni mwa kitanda nilicholala na mdogo wangu Naomi. Nilitumwa maji, nilitumwa kuni, lakini hii ya kuku ndiyo niliyoambiwa kwamba nikiikosea, mtu atakufa. Hebu fikiria, mtoto wa darasa la tatu anatwishwa mzigo wa namna hiyo. Halafu ndugu zangu wanashangaa nimekuwa mtu wa hasira za karibu.

Naomi alikuwa na miaka mitano na alikuwa na pumu. Tulikaa Iguguno, baba akilima alizeti na mtama. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yamejaa tena, sabuni za kunukia zipo, mitumba ipo, na tajiri mmoja alikuwa ameleta mashine ya kukamua alizeti, tukawa tunakwenda kuishangaa baada ya shule. Kila kitu kilirudi isipokuwa dawa ya Naomi. Zahanati walisema imekwisha, mje wiki ijayo, na wiki ijayo wakasema hivyohivyo. Kifua kikimbana alikaa kitandani ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na ndani ya kifua inalia filimbi nyembamba. Mpaka leo nikiisikia filimbi ile kwenye basi, kwa mtoto wa mtu nisiyemjua, lazima nigeuke.

Bibi, mzaa mama, alikuja siku moja kutoka kijiji cha pili na kuku kwenye kikapu. Kuku mwenyewe alikuwa mweusi tii, ila shingoni alikuwa na mviringo mweupe.

"Huyu atapumua pamoja na mtoto," Bibi alisema. "Kinachomkaba kitagawanyika, nusu kiingie kwa kuku. Asiliwe, asiuzwe, na asilale nje hata siku moja. Akilala nje, mtoto anabaki peke yake na ugonjwa wake." Kisha akanigeukia mimi. "Umenisikia, Rahel?"

"Nimesikia, Bibi."

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, akaona aibu. "Mama, mchungaji akisikia mambo haya?"

"Huyo mchungaji wako ana dawa?" Bibi akamuuliza.

Mama akakipokea kikapu. Nadhani pale ndipo Naomi alipolichukua lile jina, maana jioni ileile aliuangalia ule mviringo mweupe shingoni akasema kuku wake anaitwa Mchungaji. Tulicheka mpaka baba akaja kuuliza kuna nini. Naomi mwenyewe alikatazwa kucheka sana, kicheko kilimletea kikohozi, kwa hiyo alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yanatoa machozi.

Alimpenda yule kuku jamani. Alilala mkono mmoja ukining'inia hadi kwenye kikapu, vidole ndani ya manyoya. Asubuhi shuka letu lilikuwa na vimanyoya vidogo na Naomi alivichukua akavipuliza hewani, kama pumzi ilimtosha. Mara nyingi haikumtosha. Tangu kuku aje, alibanwa zaidi kuliko zamani, na sisi wote tuliliona hilo. Bibi alikuwa na jibu. Alisema ugonjwa unagoma kuhama, unapigana, tuvumilie. Tukavumilia.

Kiangazi kilipoingia na ile baridi yetu ya upepo, jioni moja nilikuwa nacheza rede na wenzangu. Niliambiwa jua likitua niwe nimeshamkamata Mchungaji. Lakini nilikuwa zamu ya katikati, wanarusha mpira nakwepa, wanarusha nakwepa, siku hiyo hakuna aliyeweza kunipata. Sijawahi kucheza vizuri vile tena. Niliporudi nyumbani giza limeshaingia, na kuku hakuwepo. Nilimwita kwa punje za mtama mpaka mama akaniita mimi. Nikafunika kikapu kitupu kwa kipande cha khanga, nikakisukuma uvunguni.

Asubuhi nilikuta manyoya meusi nyuma ya zizi, na mengine machache meupe. Kicheche alikuwa amekula akashiba. Niliyakusanya yote nikayafukia.

Naomi nilimdanganya. Nilimwambia Mchungaji ameenda kuatamia mayai mahali pa siri, atarudi na vifaranga, ila mtu mzima akijua, vifaranga watafia ndani ya mayai. Naomi aliziba mdomo kwa viganja kwa furaha. Alikuwa mtunza siri hodari, sijaona mtu mzima wa kumfikia.

Basi nikaanza kusubiri afe. Nasema hivyohivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kila tulipolala nilimwekea sikio mgongoni, nikisubiri filimbi ianze. Haikuanza. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, wiki ya pili. Naomi alilala chali, mdomo wazi, anapumua taratibu. Alianza kula ugali hadi kuomba nyongeza. Alikimbia hadi kwenye mashine ya alizeti na kurudi, mimi nikimfuata nyuma nikimsihi asikimbie. Mama aliimba akiwa anapepeta mtama, akawaambia majirani kwamba kuku wa mama yake ameshinda. Majirani wakaja kuuliza kuku wa aina hiyo anapatikana wapi. Na mimi nimesimama pale, najua kikapu ni kitupu, na akili yangu ya miaka tisa haikuweza kuuliza swali moja dogo. Mdogo wangu alikuwa amepona mbele ya macho yangu, na mimi niliona ugonjwa umejificha tu unajipanga.

Karibu wiki ya tatu zikaja habari kwamba Bibi anakuja kumwona mjukuu na kuku wake. Ndipo nikachanganyikiwa kabisa. Nilikuwa na kuku wangu mwenyewe, mweusi, niliyepewa na mjomba, nikampenda kuliko chochote nilichokuwa nacho. Nikamkamata nikamlaza kwenye kikapu. Nikamtazama, hana ule mviringo shingoni. Nikawaza, huyu si yule wa Bibi, nguvu zake hazitafika. Mmoja hatatosha. Nikaenda nikamkamata na mwingine, nikaweka wawili. Halafu kwa kuwa baridi ilikuwa kali, na nilitaka mdogo wangu apate kila kitu kizuri, nikaziba kidirisha kwa gunia.

Naomi alichungulia uvunguni. "Dada, huyu siye Mchungaji."

"Ndiye. Amejigaragaza kwenye majivu tu."

"Na huyu mwingine?"

"Mkubwa wa vifaranga wake."

Alinitazama kwa muda. Alikuwa na miaka mitano lakini hakuwa mjinga. "Sawa, dada," akasema, akashusha mkono wake ndani ya kikapu.

Siku mbili baadaye filimbi ilirudi. Ya tatu, alfajiri, haikuwa filimbi tena, ilikuwa kimya na mabega tu yanapanda, midomo imekuwa ya kijivu. Baba alimpakia kwenye baiskeli, mama anamshikilia kwa nyuma huku anakimbia, na mimi nikabaki mlangoni. Naomi aligeuza kichwa akanitafuta kwa macho. Alipouona uso wangu aliweka kiganja mdomoni. Mama alidhani anakohoa. Mimi nilijua ananiambia hajasema kwa mtu. Walirudi kabla jua halijawa kali, baba anasukuma baiskeli, mama amebeba kitu kilichofunikwa khanga.

Bibi alifika akakuta msiba. Aliingia chumbani kwetu, akavuta kikapu, akafunua. Akawaona kuku wawili, hamna Mchungaji. Akanitazama mimi nimekaa pembeni ya ukuta. Nilisubiri apige kelele, mama yangu afe kwa aibu mbele za watu, lakini alikifunika kikapu polepole akatoka nacho nje. Hakuniuliza siku ile, na hakuniuliza mpaka anaingia kaburini. Ningeshukuru zaidi kama angenipiga.

Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba onyo la Bibi lilitimia. Alisema kuku asilale nje, kuku akalala nje, mtoto akafa, na aliyesababisha ni mimi na rede yangu. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, na jambo hilo limekaa palepale.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nakaa mjini, Mandewa, nilipata kazi ya muda na watafiti waliokuwa wanachunguza vifua vya watoto. Kazi yetu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Kabla ya kuanza tulifundishwa na daktari mmoja kijana, mpole, anayeongea taratibu. Alisema mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na kwa watu wengine askari hao hukosea, wanakiona kitu kisicho na ubaya, vumbi, chavua, unyoya wa kuku, wanakipigia vita kama adui, na vita vyenyewe ndivyo vinavyoziba njia ya hewa. Kisha tukasoma maswali pamoja. Swali la kumi na moja liliuliza: je, kuku hulala ndani ya chumba anacholala mtoto?

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya jengo lile na nikahesabu, kwa mara ya kwanza nikiwa na akili ya mtu mzima: kuku yupo, anabanwa. Kuku hayupo, analala. Kuku wawili, na dirisha nimeziba mwenyewe. Ee Mungu wangu.

Baadaye nilimfuata daktari nikamweleza yote. Nilitaka aseme ndiyo au hapana, nimalize. Hakuweza. Alisema inawezekana ni manyoya, inawezekana ni vumbi la kupura mtama, moshi, baridi, au vyote kwa pamoja. Alisema wapo watoto wanaolala na kuku tangu kuzaliwa na vifua vyao ni vizima. "Wewe mwenyewe ulilala kitanda kilekile, dada. Kwa nini yeye na si wewe? Hilo ndilo tunalolitafuta." Akaongeza kwamba dawa ingekuwepo zahanati, huenda tusingekuwa tunazungumza haya. Namshukuru kwa hilo la mwisho, lakini halikunifikia.

Mama yuko hai, bado yuko Iguguno, kwenye nyumba ileile, peke yake. Kuku wake huwalaza ndani kwa kuogopa wezi. Nilikwenda kumwona baada ya kazi ile kwisha. Nilimwamkia, nikala alichonipikia, na jioni, kuku wakiwa wanaingia mmoja mmoja kulala, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu rede, kicheche, kikapu kitupu, na wale wawili.

Alimtazama kuku mmoja akiingia. "Zile wiki alizolala vizuri," akasema.

"Hakukuwa na kuku, mama."

"Alikula nyongeza."

"Alikula."

"Mimi niliimba," mama akasema. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu, nikaona nimemtwisha yeye, na siwezi kuurudisha. Nilifikiri atanilaumu. Alinipapasa kiganja akasema, "Ulikuwa mtoto, Rahel. Sisi tulikuwa watu wazima."

Kisha akasimama kwa shida, akachukua fimbo yake, akaanza kuwatoa kuku nje, kuwapeleka kwenye lile zizi la zamani. Kuku walishangaa, wakapiga kelele, wengine wakazunguka na kurudi ndani, naye akawaswaga tena.

"Mama, waache," nikamwambia. "Hakuna mtoto anayelala humu."

"Najua," akasema, akaendelea kuwatoa.

Mmoja alikuwa amekimbilia uvunguni mwa kitanda. Nikapiga magoti, nikamtoa, nikamfuata mama nje naye.