Posa Niliyoipeleka Hekaluni

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, nimesimama mlangoni mwa hekalu huko Taiwani, na kiatu changu cha kanisani kimekaribia kukanyaga kizingiti. Bibi mmoja mfupi akanivuta mkono, akanionyesha niruke. Kizingiti cha mle hakikanyagwi, mwanangu, na mlango wa kuingilia ni wa kulia, wa kutokea ni wa kushoto. Nikaruka. Sikuwa nimetoka kwetu Nyabiyonza, Karagwe, kwenda kubishania kizingiti.

Nilikuwa nimepeleka posa. Mdogo wangu Mugisha alikuwa akisoma kule, akampenda binti wa kule, na bibi aliyemlea yule binti hakutaka mkwe wa mbali asiyejulikana kwao. Baba alikuwa mgonjwa, kaka hatuna, nikasema nitakwenda mimi. Baba zetu wadogo wakanuna: tangu lini posa ikapelekwa na mwanamke? Nikawajibu kwamba tangu wao walipoogopa kupanda ndege. Baba aliniambia nisirudi bila jibu. Hata likiwa baya, liwe jibu.

Huyo bibi wa binti tulimwita Ama, kama wajukuu wa kule wanavyowaita bibi zao. Alisema hatazungumza lolote kabla ya kumuuliza Babu wa Ardhi, mungu wa hekalu lile, mzee mwenye ndevu nyeupe anayewalindia mashamba. Mimi ni Mlutheri, mtoto wa mzee wa kanisa. Nikamwambia Mugisha nitaingia na nitasimama, lakini sitashika udi wala sitainama. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. La kwangu nilikusudia kurudi nalo Karagwe likiwa zima.

Ndani kulikuwa na moshi wa udi na meza ndefu iliyojaa machungwa, biskuti, chai na karanga. Ama akawasha vijiti vyake, kisha akanionyesha ile meza kwa mkono. Sasa wewe unajua kwetu: mgeni akiwekewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, huchukua punje palepale, maana kuiacha ni kumwambia mwenyeji kwamba humwamini. Nikachukua karanga nikatafuna, tena nikitabasamu. Watu wakageuka. Mugisha akafumba macho. Kumbe chakula kile hakiguswi mpaka udi upungue, ili mungu wao ale kwanza. Nilikuwa nimemtangulia mwenye meza.

Ama akachukua vipande viwili vya mti vilivyochongwa mfano wa mwezi mwandamo, bapa upande mmoja, upande wa pili vimebinuka kama mgongo. Akauliza habari ya ndoa, akaviangusha sakafuni. Kimoja kikilala hivi na kingine vile, mungu amekubali. Vyote vikionyesha mgongo, amekataa. Vyote vikaonyesha mgongo, na mdogo wangu, mwanamume mzima, akaanza kulia.

Nikaona aibu, kisha hasira. Nikamwambia Mugisha afute machozi amweleze Ama kwamba karanga nimekula mimi, asiadhibiwe yeye, na kwamba sitoki mle bila jibu.

Ama akanijibu, Mugisha akitafsiri:

"Karanga si kitu. Tangu umeingia hujasema wewe ni nani. Hapa kila mtu hutaja jina lake na mahali anapokaa, ndipo aombe. Nitamwombeaje mtu asiyejitaja?"

"Siwezi kumwomba yeye, Ama. Ninaye ninayemwomba."

"Sijakwambia uombe. Nimekwambia ujitaje."

Maneno yale yalinichoma. Hata kwetu mgeni hutaja baba yake na ukoo wake kabla ya kusema kilichomleta. Nilikuwa nimekazana kulinda magoti hata nikausahau mdomo. Nikasimama wima, nikasema kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, kwa sauti, kwamba mimi ni Kokushubira binti Rwegasira, wa Nyabiyonza, kwenye migomba na kahawa, nimekuja kumwombea mdogo wangu mke. Nikasema baba anaumwa, ndiyo maana mmeniona mimi. Kisha nikamgeukia Ama, nikayarudia yote nikimtazama machoni, Mugisha akitafsiri.

Ama akaviangusha tena vile vipande. Kimoja kikalala hivi, kingine vile. Aliyevigeuza simjui, na hilo namwachia Mungu. Ama akaviokota polepole, akanishika mkono, akauliza:

"Baba yako anaumwa nini?"

Nililia mimi sasa. Tulikaa kwenye benchi la hekalu nikamweleza ugonjwa wa baba, naye akanieleza wa marehemu mumewe, na habari ya mahari ikaja baadaye, kwa urahisi, kama watu wanaojuana.

Basi nakuusia, mwanangu. Usimwinamie mungu usiyemwamini, hata kwa kupata mke, kazi au cheo. Simama. Lakini kusimama si kununa, na heshima si utumwa. Uliza kabla hujatafuna. Jitaje kabla hujaomba, utaje na waliokuzaa, hata mbele ya mtu usiyejua lugha yake. Na siku utakapokuwa mwenyeji, mgeni wako akakosea, usimhesabie kosa kabla hujamuuliza habari za wazazi wake.

Nenda sasa. Mungu wa baba zako aimarishe magoti yako na aulainishe mdomo wako, na kila utakapojitaja, jina la kwenu lipokelewe kwa mikono miwili.