Kisu cha Koboko na Mpira wa Onduparaka

Mama mkwe wangu alikuwa na kisu kilichofuliwa mjini Koboko kutokana na springi ya lori, na mimi nilikitamani kuliko kitu chochote katika nyumba ile, pengine kuliko mwanawe. Tangu niolewe hapa Onduparaka alikuwa amenipa kisu butu cha kumenyea viazi. Siku moja kikateleza juu ya kitunguu, kikanikata kidole.

"Umeona?" akasema akinifunga kitambaa. "Butu ndiyo iko na hatari. Unasukuma na nguvu, inakimbia."

Basi nikamwomba anipe kile kikali. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa na sheria zake. Kisu hakitolewi mkono kwa mkono: unakiweka juu ya ubao, mwenzako anakiokota mwenyewe, msije mkagombana. Hakiachwi ndani ya beseni la povu, mtu akaja kukipapasa. Kikianguka, hakidakwi. "Wacha ianguke. Wewe toa miguu." Na kwa kuwa jiko letu la nje limepakana na uwanja, na watu wa hapa wakisikia goli hata mgonjwa huruka, ilikuwapo sheria kuu: weka kisu chini kwanza, ndipo upige vigelegele. "Goli haikimbii," alikuwa akisema.

Nilizishika zote. Magoli mangapi yalinipita nimeinama kuweka chini kile kibutu changu! Hata hivyo hakunipa.

Jumamosi moja tulikuwa tukikata majani ya kunde, timu ya mtaa ikicheza na wageni kutoka Vurra. Mshambuliaji wetu akaachia shuti. Mama akaruka, mikono yote juu, kisu mkononi. "Goliii!"

Halikuwa goli. Mpira ulipaa juu ya mwamba wa goli, ukavuka ua wa matete, ukakikuta kisu palepale hewani. Ukasema pyuuu, ukalala miguuni pake kama chapati.

Ulikuwa ndio mpira pekee.

Tukasikia vishindo: wachezaji wa pande zote mbili, refa, mashabiki. Mama, ambaye sijawahi kumwona akiogopa hata nyoka, aliogopa. Wakimkataza kushangilia timu ile, ataishije? Akaniangalia. Kisha polepole, kwa adabu zote, akakiweka kisu juu ya ubao, mpini ukinielekea.

Nikakiokota haraka, kabla hajabadili mawazo.

Vichwa vikajaa juu ya ua. "Kisu hii iko ya nani?" refa akauliza akitweta.

"Iko yake," Mama akasema. "Ya binti yangu. Mimi nimempa."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. "Ndiyo, ni changu," nikasema, "na mpira nimeupasua mimi."

Nilitukanwa kwa lugha nne, nikatabasamu kwa zote.

Jioni, uwanja umetulia, Mama akanyoosha mkono. "Binti yangu, leta kisu yangu."

"Mama," nikamwambia, "refa alisikia."

Akasonya, akavuta kile kibutu, akaanza kumenya viazi.