Mtunza Maabara na Chupa Zisizo na Majina

Vidole vya mtunza maabara wa shule ile ya Moroni vilikuwa na madoa ya asidi hadi kwenye kucha, na kila chupa aliifuta mara tatu kabla ya kuirudisha kabatini. Alikuwa mtu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani. Kwa miaka kumi aliwaoshea vyombo walimu wa Kifaransa, wala hakuna aliyemuuliza anajua nini. Walipoondoka ghafla baada ya uhuru, unyevu ulikuwa umekwisha kubandua lebo zote, na mkaguzi wa shule akaja akaamuru chupa zikatupwe. Hadjira, mwalimu mpya wa kemia, aliona somo lake linazikwa kabla halijaanza.

“Ngoja kidogo, mwanangu,” mzee mtunza maabara alimwambia kwa sauti yake ya chinichini. Akachota chembe ya unga wa kijivu, akaitia katika asidi kali ya salfa, akaipasha moto taratibu. Asidi iliyokuwa angavu kama maji ikaiva nyekundu kama komamanga.

“Teluri hiyo,” alisema. “Ukivuta vumbi lake, mdomo hunuka kitunguu saumu wiki nzima. Mke wangu aliwahi kunihamishia barazani!”

Hadjira akacheka kwa furaha. Mkaguzi hakucheka. Alimsogezea mzee chupa ya pili, kisha ya tatu, na adhana ya alasiri ilipolia, chupa arobaini na moja zilikuwa na majina. Mkaguzi akavua kofia, akaketi kwenye dawati la mbele.

“Endelea, Mwalimu,” alisema, na hakuwa akimtazama Hadjira.